Ghorofa juu ya stesheni, au kando yake?

Kila picha ya mnara wa ghorofa 51 uliojengwa juu ya South Station, stesheni ya treni ya Boston, Marekani, ikionekana hapa Tabora, mabishano huanza. Wengine wanatamani wa kwetu. Wengine wanasema stesheni iachwe na mnara ukae kando.

Kwa ardhi, juu kunashinda, ila pale tu viwanja vimekwisha. Boston nafasi ya katikati ya mji ni adimu. Sisi bado tunayo. Faida nyingine ni ya abiria: anashuka kwenye behewa, anapanda lifti hadi ofisini, bila bodaboda wala kulowa mvua.

Kwa gharama, kando ni nafuu mno. Juu ya reli, nguzo lazima zipenye kati ya njia, mafundi wafanye kazi huku treni zinapita, na moshi wa vichwa vya dizeli utolewe kwa mashine mwaka mzima. Umeme ukikatika, nani atabeba gharama hiyo?

Halafu kuna urithi, na hapa siwezi kunyamaza. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Stesheni ya Kigoma waliyojenga Wajerumani ingali inapokea abiria. New York nao walizuia mnara juu ya stesheni yao ya kale ya Grand Central, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono katazo hilo.

Mwenye mji uliobanana na stesheni isiyo na historia, ajenge juu. Mwenye eneo na jengo la kale, aweke mnara kando.