TAHADHARI: Shoka la "springi" ambalo si springi, na mpini uliolowekwa maji

Ndugu zangu mnaopasua kuni za mama lishe, za shule, za tanuri za matofali na za nyumbani, kuweni macho na mashoka yanayotembezwa mitaani na magulioni kwa maneno haya: "Hili ni la springi ya lori, halivunjiki, bei nusu ya dukani." Wapo wauzaji wanaotoa kichwa cha chuma cha kumimina kwenye kalibu, wakakipaka rangi nyeusi au nyekundu, wakakichomeka mpini na kukiita springi. Kwa jicho la haraka huwezi kuvitofautisha.

Hatari yake ni kubwa kuliko pesa iliyopotea. Chuma cha kumimina ni kigumu lakini hakinyumbuki. Kikigonga kifundo cha mgunga mkavu hakipindi wala hakibonyei, kinamegeka. Kipande cha makali chenye ukubwa wa punje ya hindi kinaruka kuelekea usoni. Au tundu la mpini linapasuka ubavuni na kichwa kizima kinachomoka wakati shoka liko juu ya kichwa chako, na hapo wa kwanza kupata madhara ni mtoto aliyesogea kuokota vipande.

Muuzaji akitoa sumaku mfukoni na kuibandika kwenye shoka ili kukuonyesha kuwa ni chuma safi, usihadaike. Sumaku inashika chuma cha kumimina sawasawa na inavyoshika springi. Jaribio hilo halithibitishi kitu chochote.

Yanayothibitisha ni haya, na yote unaweza kuyafanya pale pale kabla ya kulipa.

Anza na mlio. Kichwa kikiwa bado hakina mpini, kitundike kwa kamba iliyopita kwenye tundu, kisha kigonge na kipande cha nondo. Springi inalia kama kengele na mlio unakawia. Cha kumimina, au chenye ufa, kinatoa mlio mfupi uliokufa. Kikiwa tayari na mpini jaribio hili halifai, kwa sababu mti unameza sauti.

Halafu tumia tupa, kile chuma chenye meno cha kunolea. Nenda na tupa yako mwenyewe, isiyolika. Piga kidogo kwenye makali, kisha kwenye kisogo cha shoka. Shoka lililotiwa maji vizuri, yaani lililopashwa moto na kuzamishwa ili likaze, lina makali magumu na kisogo laini: kwenye makali tupa inakula kwa shida, ikiacha unga mwembamba, na kwenye kisogo inakula kirahisi. Tupa ikiteleza kwenye makali kama inapita juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitamegeka. Ikizama kirahisi pote sawa, shoka halijatiwa maji kabisa, na makali yatakunjika siku ya kwanza. Muuzaji akikataa usiguse na tupa, rudisha shoka na uondoke.

Chungulia pia ndani ya tundu. Nje wanasaga na kupaka rangi, lakini ndani hawafiki. Ukiona vitundu vidogo vidogo na uso wa chenga kama mchanga, hicho kimemiminwa. Mstari wa kalibu peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana hata kilichofuliwa kiwandani kinaweza kubaki na mstari. Mstari pamoja na vitundu, ndiyo. Na kama kuna fundi wa kuchomelea jirani, mwombe aguse kisogo kwa grainda kwa sekunde moja. Springi inatoa cheche ndefu, nyeupe au njano, zinazopasuka kama nyota. Chuma cha kumimina kinatoa cheche fupi, nyekundu zilizofifia.

Kuna na udanganyifu wa pili, huu ni wa mashoka ya kienyeji, yale ambayo mkia wa chuma unapenya kichwa kinene cha mpini. Mhunzi wa kweli anafua bapa na mkia kutoka kipande kimoja. Wajanja wanachukua kipande cha bati nene au bapa la chuma laini, wanachomelea nondo kuwa mkia, wanasaga kiungo na kupaka rangi. Litapasua kuni mbili tatu, kisha likatike pale pale kwenye kiungo. Kwangua rangi shingoni kwa ncha ya msumari, pande zote mbili. Ukikuta mikwaruzo ya grainda imezunguka shingo, au mawimbi ya kuchomelea, hilo si shoka.

Sasa mpini, ambako wengi wanaibiwa bila kujua. Kichwa kilicholegea kinafungwa kwa kuloweka shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Mti unavimba, kichwa kinakaza, unalitikisa sokoni halichezi. Juani linakauka, na nyuzi za mti zilizobanwa wakati wa kuvimba zinabaki zimesinyaa. Kichwa kinacheza kuliko hapo mwanzo. Mpini wa mti mbichi nao una tabia hiyo hiyo. Shika mpini karibu na kichwa: ukiwa wa baridi na mzito isivyo kawaida, au una madoa ya ukungu, ulilowekwa au ni mbichi. Tazama juu, pale mpini unapotokeza. Panatakiwa kabari ya mti mgumu iliyozama sawasawa. Misumari iliyopigiliwa, au ujiuji wa gundi na vumbi la mbao, ni kiraka cha kuficha pengo.

Kataa mpini uliopakwa rangi nzito. Rangi inaficha mafundo na nyufa. Mishipa ya mti ifuate urefu wa mpini toka juu hadi chini. Ikikatisha kwenda pembeni, mpini utavunjika kwa mshazari na kukuachia ncha kali mkononi. Mpera mkavu unatoa mpini mzuri sana. Mgrivea na paini haviwezi kazi hii.

Usikubali pia akunolee kwa grainda mbele yako "kama zawadi". Makali yakigeuka bluu, maji yameshatoka, yaani ugumu umepotea, hata kama shoka lilikuwa zuri. Chukua tupa na kinoo, nolea nyumbani.

Uzito upime. Namba iliyogongwa kwenye kichwa si ushahidi. Mizani ya bucha iko jirani. Kichwa cha kupasulia kiwe kati ya 1.5 kg na 2.5 kg, na mashavu yake yatanuke kama kabari. Shoka jembamba la kukatia miti linauzwa kwa maneno "linafanya kazi zote", lakini kwenye gogo nene linazama na kunasa. Hapo ndipo watu wanapochukua nyundo kubwa na kugonga kisogo, tundu linatanuka, na muuzaji anapata kisingizio kwamba umeliharibu mwenyewe. Kisogo cha shoka hakigongwi na nyundo. Gogo gumu liingizie kabari ya chuma, na kabari ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga isagwe kwanza, kwa sababu zile kingo zinaruka.

Kwa wanaonunua mtandaoni: picha ya shoka linalong'aa la Ulaya na bei ya kutupa, "tuma pesa kwanza, mzigo unapanda basi leo." Usitume. Dai video ya tupa ikipita kwenye makali, na ya shoka likiwa juu ya mizani. Mwenye shoka hashindwi kupiga video hiyo. Lipa mzigo ukiwa mkononi. Kwa Tanzania, namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Na aliyekwisha kununua? Tupa ikionyesha chuma ni laini, bado kuna nafasi. Mpelekee mhunzi kichwa hicho. Akipashe moto makali hadi sumaku isishike, akizamishe kwenye mafuta, asugue makali yang'ae, kisha akipashe taratibu hadi rangi ya kahawia inayoelekea zambarau. Kama hakiwi kigumu baada ya hapo, ni chuma cha nondo tu, hakina dawa.

Cha kumimina hakitengenezeki. Kisichomelewe tundu, kisipewe jirani, na usikiuze kikiwa kizima, kwa sababu kitapakwa rangi upya na kurudi gulioni. Kiviringishe ndani ya gunia nene, kivunje kwa nyundo kubwa huku umevaa miwani ya kazi, halafu vipande vyake uviuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.