Diski yangu ilikatala kufunguka kisha ya apdeti, na fundi akataka kuifuta

Bana Goma, kama diski yako imekatala kufunguka kisha ya apdeti, usiipeleke kule upande wa Birere nilipeleka yangu. Jina ya duka sitaji, mwenyewe atajijua.

Mimi napigaka picha ya maharusi. Ordinatere yangu ilikuwa na Ubuntu 22.04 (Ubuntu ni aina moja ya Linux, inafanya kazi ya Windows), juzi juzi nikaipandisha 24.04, ikapanda vizuri, nikamushukuru Mungu. Kesho yake nachomeka diski ya nje, ile kubwa yenye iko na kazi yangu yote, apana, haifunguki. Inanitolea tu "wrong fs type, bad option, bad superblock". Tumbo ikageuka. Ju ndani ya ile diski haiko ndoa za batu tu, kuko picha nilipiga Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka na lava ikafika Buhene, na siku walituambia tutoke mujini nilitembea kwa miguu mpaka Sake na ile diski ndani ya koti. Nguo niliacha. Diski nilibeba.

Sasa huyu kijana wa duka namukuta anakula sambaza, bale basamaki badogo ba ziwa, vidole mafuta tupu, hakunawa hata, akashika diski yangu akaichomeka, akasoma neno ya mwisho basi. "Superblock imekufa, mama. Tufomati, dola kumi. Ukitaka picha, dola themanini, na sikuhakikishie." Namuuliza, mudogo wangu, hauwezi kuchungulia kwanza? Akamugeukia mwenzake, eti hawa bamama ba picha banafikiri diski ni ndizi, unamenya unaona ndani. Mbele ya wateja! Na bale wateja nao bakacheka, hiyo njo iliniuma zaidi.

Nikarudi nyumbani nikamupigia mudogo wangu yuko Bukavu anasoma informatike. "Yaya, andika sudo dmesg, soma mistari ya chini kabisa." Hiyo dmesg ni sawa daftari kwenye Linux inaandika yote inaona. Kumbe iko pale imeandikwa wazi, volume, yaani diski yangu, iko dirty, yaani chafu! Ile diski iko NTFS, ni namna ya Windows ya kupanga mafaili, niliichomoa kwa Windows ya mteja mumoja bila kuitoa vizuri, Windows ikaiachia alama. Zamani Ubuntu yangu ilikuwa inaifungua na programu inaitwa ntfs-3g, yenye haina makuu, sasa hii mpya inapitia ntfs3, ile ya ndani ya kernel, ule moyo wa Linux, na hiyo ikiona alama haifungui kama unataka kuandika ndani, mpaka uilazimishe. Superblock, ile sehemu ya diski yenye inaandikwa vile diski imepangwa? Mudogo wangu anasema NTFS haina hata hiyo kitu! Yale maneno Linux inabahatisha tu, pengine aina siyo, pengine opsheni, pengine superblock, na fundi wangu akachagua ile yenye bei.

Tukaifungua kwa kusoma tu, na -o ro, nikakopi picha yote usiku kucha huku naomba umeme usikatike, kisha nikairudisha kwa Windows nikapitisha chkdsk /f, ile programu ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski. Kesho ikafunguka sawa vile hakuna kitu ilipita. Pesa: sifuri. Ila Ubuntu nayo, kama unajua diski iko chafu si useme pale kwa ekra, unaficha kwa dmesg ya nini?

Ule fundi, nilikuwa nimesema namupa nyota moja. Hasira ikashuka kidogo nikasema mbili, ju kosa ya kuchomoa ni yangu, na kusema kweli aliniuliza mbele ya kufomati, kuko bale wanafuta kwanza njo wanauliza. Hata tatu, ni kijana, pengine hakuna mutu alimufundisha. Halafu nikakumbuka alinikata dola mbili ya diagnostike. Diagnostike gani, ya kusoma neno moja? Hakuna nyota. Na kebo yangu mpaka leo inanuka sambaza.