MiG-21 ya elfu 25 kutoka Kariakoo, nilichokikuta ndani ya boksi

Hizi ndege za plastiki za kuunganisha zinazouzwa maduka ya midoli Kariakoo, nilichukua moja mwezi uliopita kwa elfu 25 (jamaa alianza na 40), MiG-21, ile ndege ya kivita ya Mrusi, skeli 1/72 yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, nikasema ngoja tupate cha kufanya jioni na mpwa wangu maana likizo hii anamaliza bando langu tu. Picha ya boksini ni hatari, ndege inapasua mawingu moto unatoka nyuma. Sasa fungua.

Kwanza boksi lenyewe ukilitikisa linachakacha, nikajua kuna vipande vishachomoka kwenye fremu. Kweli, tairi la mbele nililikuta kwenye kona ya mfuko, la kushoto sijaliona hadi leo, nimeweka kifungo cha shati na kimekaa, ukipaka rangi nyeusi hujui. Halafu vipande vina ndevu, ile plastiki nyembamba inayovuja pembeni kalibu ikishachoka haifungi vizuri. Ndani ya bawa kuna mwaka umeandikwa, kalibu imenizidi umri, boksi tu ndo jipya. Hii biashara iko hivyo, kalibu moja inauzwa miaka na miaka wanabadilisha picha ya juu. Dalili nyingine ya kalibu ya zamani ni mistari ya bodi, ile ya kuonyesha mabati ya ndege yanapoungana, kwenye hii imeinuka juu badala ya kuchimbwa, ukipiga msasa kidogo tu inafutika yote.

Mshono wa tumbo ndo ulinitoa jasho. Vile vipande viwili vya bodi kimoja kimepinda, nikakiweka kwenye maji ya moto kikalainika nikakinyoosha, bado ukiviunganisha ukucha unapita katikati. Nikaenda kwa fundi wa bodi gereji ya mtaani kuomba filla kidogo, ile wanayozibia mabonde ya magari, akaigeuza geuza akaniuliza "Kaka, hii iligongea wapi?" Nikapaka, nikapiga msasa wa maji, nikapaka tena, siku tatu hizo.

Ila hapa ndo nilipoanza kuipenda. MiG-21 yenyewe toka ncha ya bawa hadi ncha ni mita 7.15, gawa kwa 72 unapata kama sentimita 9.9. Nikachukua rula ya dogo nikapima, 9.9 na upande wa nywele. Pua sawa, mkia sawa. Kwangu hicho ndo kipimo cha ndege ya bei chee, ndevu utakata na wembe, mashimo utaziba, lakini umbo likikosewa kiwandani utafanya nini? Na hii ndege mzee wangu aliitambua kwa mbali bila kuambiwa, anazikumbuka toka vita ya Kagera ya 1978-79, akakaa na sisi hadi saa nne usiku anatuelekeza rangi.

Kitu kingine kisichorekebishika ni kioo cha rubani. Cha hii ni kinene kama kitako cha chupa ya soda, rubani ndani humuoni vizuri, na mimi nikamalizia kabisa kwa kugandisha na supa gluu, asubuhi nakuta kimeweka ukungu mweupe. Hilo ni kosa langu, moshi wa ile gundi ndo unafanya hivyo, kioo unatumia gundi nyeupe ya mbao. Stika za kuloweka nazo zilikuwa zishakuwa za njano, nyota ya kwanza ilipasuka vipande vipande kwenye bakuli, sijui imekaa dukani na joto letu hili miaka mingapi.

Aa, na kabla hujafunga bodi weka uzito puani la sivyo inakalia mkia. Mi nimetumia risasi mbili za mshipi wa kuvulia toka soko la samaki Feri.

Ukijumlisha gundi, msasa, rangi mbili na brashi nimefika kama elfu 60. Nitanunua tena, ila safari hii nafunguliwa boksi palepale kaunta, natoa kioo kwanza nakiangalia kwenye mwanga, kisha naweka rula kwenye bawa. Muuzaji akigoma kufungua, navuka barabara duka la pili.