Hadithi ya Kuhamia Mirihi: Tuanze na Sayansi au na Wahusika?

Mwalimu wa Dodoma anayefundisha hadithi fupi ya kubuni ya kisayansi kuhusu watu wanaohamia Mirihi anaweza kuanza na sayansi yenyewe: kwamba hewa ya huko ni kabonidayoksaidi kwa takribani asilimia 95, na kwamba siku yake huzidi yetu kwa dakika 40 hivi. Njia hii humsaidia mwanafunzi asidhani kila taabu ya mhusika ni chumvi iliyoongezwa na mwandishi.

Njia ya pili huanza na wahusika: nani amehama, ameacha nini nyuma, na nani anagawa maji. Mimi naipendelea hii, hasa hapa ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili, na ambako darasani huketi watoto wa familia zilizohamia jiji hili, lililoamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, pamoja na watoto wa Wagogo, ambao wazee wao wanaujua udongo huu tangu zamani. Swali la mgeni anayepanda mbegu katika ardhi asiyoijua huwagusa wote kabla hawajafungua daftari. Takwimu zifuate baadaye, pale mwanafunzi anapouliza kwa nini mhusika hathubutu kufungua dirisha.