Muziki wa Kusindikiza Hadithi Fupi za Huzuni: Uzoefu Wangu na Huduma ya Kulipia

Kwa muda sasa ninalipia huduma ya kusikiliza muziki kwa njia ya intaneti, kwa kifurushi cha wanafunzi ambacho ada yake iko chini ya ile ya kawaida. Ninachokitafuta humo ni muziki wa kusindikiza hadithi fupi, hasa zile za huzuni, ambazo nazipenda kuliko maandishi mengine yoyote, na ni kwa kazi hiyo tu ninavyoipima hapa.

Kilichonivutia zaidi ni kusikiliza albamu nzima bila tangazo kuingilia kati. Mwaka 1842 mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika kwamba hadithi fupi hufaa isomwe kwa kikao kimoja, cha nusu saa hadi saa moja au mbili, ili athari yake isikatike. Santuri za LP, yaani za kucheza kwa muda mrefu, zilizoingia sokoni mwaka 1948, zilibeba takriban dakika 22 kila upande, na hata leo albamu nyingi hazipiti mbali na dakika 40; kwa hiyo hadithi moja na albamu moja huenda sambamba, na msomaji hana haja ya kushika simu katikati ya ukurasa.

Ipo hadithi ya Mrusi Anton Chekhov ya mwaka 1886 kuhusu Iona, mwendesha gari la farasi aliyefiwa na mwanawe, ambayo nimeisoma mara nyingi nikisikiliza morna, nyimbo za polepole za majonzi za Cabo Verde, zilizoimbwa na Cesária Évora. Iona anatafuta mtu wa kumsikiliza walau kidogo, abiria wanamkatiza, na hatimaye anamsimulia farasi wake. Sauti ya Cesária haina haraka, na kwa kuwa sikijui Kikrioli cha Cabo Verde, maneno yake hayagombani na yale niyasomayo. Ni kama mtu anayeomboleza chumba cha pili. Vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa) ya Mwethiopia Mulatu Astatke na piano ya Mfaransa Erik Satie hunifaa vilevile, ingawa kimtindo wawili hao wako mbalimbali kabisa. Taarab ndiyo nisiyoweza kusomea. Mashairi yake nayaelewa, mafumbo yake yanadai niyafumbue, na fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) zinapompisha mwimbaji, macho hupita juu ya mistari pasipo kushika lolote. Taarab naiweka kwa baada ya hadithi, na hapo hunigusa mno.

Kasoro ya huduma hii huonekana albamu inapokwisha. Programu huendelea yenyewe na nyimbo inazodhani nitazipenda, na kwa msikilizaji wa muziki wa kila aina, makisio hayo hukosea vibaya: aya ya mwisho ya msiba inaweza kupokewa na wimbo wa kuchezea. Dawa yake ni kuizima sehemu ya kuendelea kucheza katika mipangilio, pamoja na ile inayochanganya mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine, kwani humeza noti za mwisho. Kupakua albamu kwa ajili ya kusikiliza bila intaneti hakujanisumbua.

Mwanafunzi anayejichagulia albamu mwenyewe namshauri ajisajili. Ninachoomba kiboreshwe ni taarifa za nyimbo: katika taarab nyingi nilizozikuta humo ametajwa mwimbaji au kikundi pekee, ilhali mtunzi wa shairi, ambaye mpenzi wa fasihi angetaka kumjua kabla ya wote, hatajwi popote.