Altezza ya kwenda nayo kazini kila siku: vilivyonilipa na nilichokichomoa

Wakuu, nina Toyota Altezza RS200 ya klachi, gia sita, huu mwaka wa tatu niko nayo, na siyo gari ya kutoa Jumamosi tu, ndo hiyohiyo naenda nayo kazini Tegeta mpaka Posta na jioni inanirudisha, foleni yote ya Bagamoyo Road naila nayo. Injini ni 3S-GE, toleo linaloitwa BEAMS, cc 1998, haina turbo. Kiwandani ilitoka na HP 210 (nguvu za farasi) ila hizo HP unazikuta injini ikizunguka raundi 7600 kwa dakika huko juu, ukiwa chini ya raundi elfu nne unaona gari kama imelala, na hapo ndo wengi tunaanza kuhangaika kutafuta vitu vya kufunga. Kwa mwaka na miezi kadhaa nimetoa karibu milioni mbili, kidogo kidogo, mshahara ukiruhusu. Naandika kila kitu nilichonunua na bei yake maana nilipoanza sikupata mtu wa kuniambia ukweli.

Nianze na kilichoniuma. Duka moja Kariakoo, silitaji, waliniuzia filta ya hewa ya koni, ile wengi wanaita spoti filta, laki na themanini pamoja na kufunga. Jamaa akaniambia "bosi, hii unaongeza HP 20 leoleo". Wakatoa boksi lote la ea klina pamoja na bomba linaloleta hewa kutoka mbele, koni ikabaki wazi ndani ya boneti. Sauti nzuri sana, hilo sikatai, ukikanyaga inanguruma mpaka raha. Lakini foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, jua bado kali, kiyoyozi kimewaka, gari ikawa nzito ajabu, naachia klachi inajivuta kama imebeba magunia ya mkaa. Nikaingia sheli, nikafungua boneti, nikashika bomba lililobeba ile koni. Mkono haukai, inabidi uutoe.

Ndo nikaelewa. Injini isiyo na turbo haina kitu cha kuisukumia hewa, inavuta yenyewe tu, kwa hiyo ikivuta hewa ya moto inapata oksijeni kidogo na nguvu inashuka. Piga hesabu ya fizikia ya sekondari, hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kama asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, na asilimia 9 ya HP 210 ni karibu HP 19. Yaani zile 20 nilizoahidiwa nilikuwa nazipoteza kila jioni! Ukiwa barabara imefunguka hewa inapoa na tatizo linapungua, sawa, ila mimi maisha yangu ni foleni.

Nikaamua kurudisha boksi la kiwanda, kwenda kuliulizia halipo, limeshauzwa. Siku mbili nazunguka Ilala kwenye spea za mtumba mpaka nikalipata kwa laki na ishirini, nikaweka filta mpya ya karatasi ya 35,000 na fundi wangu akasafisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalum, siyo petroli wala kitambaa. Gari ikapona siku hiyohiyo. Kwa hiyo filta ya koni kwa gari ya kila siku hapa Dar sikushauri kabisa, labda ujengewe na boksi la kuikinga na joto na bomba la kuleta hewa ya nje, na kama unatoa kitu cha kiwanda kwenye gari yako, kifunge kwenye mfuko uondoke nacho nyumbani.

Plagi nne mpya OG na oili nzuri, hapo hakuna maajabu, gari inarudi kuwa ilivyotakiwa iwe. Kile kichipu cha kuchomeka chini ya usukani kinachouzwa elfu hamsini, eti kinaongeza nguvu, achana nacho. Ekzosti sijagusa, nina mtoto mchanga na natoka saa kumi na moja alfajiri, siwezi kuamsha mtaa mzima.

Sasa breki. Hapa ndo pesa yangu ililala pazuri. Nilibadilisha pedi za mbele, 95,000, na oili ya breki yote, chupa mbili za DOT 4, elfu thelathini, ufundi elfu ishirini. Fundi alipotoa ile ya zamani kwenye chupa ya maji nikaona rangi yake, chai ya rangi kabisa, wakati mpya inakuwa ya njano hafifu karibu na maji. Oili ya breki inanyonya unyevu, na kwa unyevu wa Dar huu mnaujua. Kiwango cha DOT 4 mpya ni isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155, na ikichemka inatoa mapovu, pedali inazama unakanyaga hewa. Zamani nikienda Bagamoyo, ukishapita Bunju matuta yale ya kufuatana, likifika la nne la tano pedali ilikuwa inalegea, mimi nikadhani ndo Altezza zilivyo. Sasa hivi naenda na kurudi pedali iko palepale juu. Elfu hamsini ya oili na ufundi! Hakuna kitu cha bei hiyo kitakachokupa raha kama hiyo.

Miguu ya mbele nilikuta boli jointi za chini, yale maungio yanayoshikilia tairi, zimekwisha, na hizi gari zinajulikana kwa huo ugonjwa, kwa hiyo kagua kabla haijakuchomokea tairi barabarani. Jointi zote mbili laki na arobaini, bushi (zile raba za kwenye maungio) laki na sitini, ufundi elfu sitini, halafu alaimenti, yaani kunyoosha tairi kwa mashine, 30,000. Usifanye alaimenti kabla ya bushi, utalipa mara mbili, yule kijana wa mashine aliniambia hivyo mwenyewe, "kaka, nenda kabadilishe bushi kwanza ndo urudi", angeweza kunilia hela yangu na hakufanya hivyo, nimempelekea wateja watatu toka siku ile. Usukani sasa uko katikati na haupigi kelele kwenye mashimo.

Tairi niliziacha mwisho na nilikosea, zingekuwa za kwanza. Nilikuwa na za mtumba kutoka Japan, kashata (meno ya tairi) zimejaa, nikaona ziko poa. Siku moja nikamulika na tochi ya simu ubavuni, kile kiduara chenye namba nne: 1113, maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2013. Nikabinya mpira, mgumu kama soli ya kiatu, na vipasuko vidogo vidogo ukikunja. Nikanunua mpya nne saizi yake 215/45R17, kila moja laki mbili na thelathini, ndo gharama kubwa kuliko zote na ndo iliyobadilisha gari kuliko zote. Ukitoka kwenye kona na gia ya pili nyuma haipepei tena, na mvua za Aprili pale Tangi Bovu bodaboda alikata mbele yangu na abiria wawili, nikakanyaga mpaka mwisho, gari ikasimama imenyooka, nikabaki nimeshika usukani tu moyo unadunda. Kwa zile za 2013 sidhani kama ingesimama.

Kilichobaki ni shokapu za nyuma, zimeanza kuvuja. Nina laki nne, nataka mpya siyo za kupigwa msasa na rangi, anayejua duka la kuaminika aniambie.