Duka la pembejeo lililoniuzia dawa ya mikorosho niweke kwenye vitunguu

Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Duka lenyewe silitaji, wenye kulijua watalitambua kwa mdomo wa muuzaji wake.

Msimu uliopita vitunguu vyangu vilianza kugeuka njano. Nikadhani njaa ya Urea, nikaongeza, njano ikazidi. Bwana shamba akainama jarubani: "Mama, njano imeanzia wapi, majani ya zamani au machanga?" Machanga. "Basi si naitrojeni, hiyo huanza na majani ya chini. Hapa imepungua salfa, na Urea haina hata chembe. Katafute SA, mbolea ya salfeti ya amonia."

Nikaenda dukani. Kijana hakuinuka hata kitini, macho kwenye simu. SA imeisha. Akanisukumia mfuko wa unga wa njano: "Chukua hii, salfa ni salfa." Nikamuuliza mbona mfuko una picha ya korosho. "Mama, umekuja kununua au kusoma?" Watu wakacheka. Nikalipa, mjinga mimi.

Nikamwaga, nikafungulia maji. Unga ukaelea! Ukazunguka juu ya jaruba kama vumbi la mashine ya kusaga, upepo ukausogeza pembeni, ukagandia kwenye tuta. Wiki mbili, majani yaleyale. Nikarudi, akasema tatizo ni mkono wangu. Mkono wangu! Nimelima kitunguu yeye hajazaliwa.

SA nikaja kuipata kwingine, chengachenga nyeupe kama sukari, ikatosha nusu ya shamba. Huko majani mapya yakatoka kijani, na wakati wa kuvuna wakata mashina walikuwa wanafuta machozi. Ukali wa kitunguu unatokana na salfa hiyohiyo. Kwa hiyo SA naisifu, duka nalipatia nyota sifuri.

Ila msimu huu ile nusu iliyopata unga tu nayo imependeza. Bwana shamba anasema vijidudu vya udongoni huugeuza polepole kuwa salfeti, ndipo mizizi iweze kuinywa. Ina maana kijana hakunidanganya? Alinidanganya! Nilikuwa na mgonjwa wa leo, akaniuzia dawa ya mwakani. Lakini sifuri nimemwonea, nampa nyota mbili. Hapana, moja, kwa lile neno la kusoma.

Juzi nimepita pale, safari hii kasimama mlangoni: "Shikamoo mama. Salfa ilikubali?"

Nikaitikia marahaba, nikapitiliza.